FEDHA ZA SIMU NA JINA LA MTU

Kabla ya kufunga shule mwezi wa Juni mwalimu wetu wa somo la Biashara alitupa kazi ya likizo. Alisema kila mmoja wetu akifika kwao achague kitu kimoja kilicholetwa na simu au mtandao, akitazame jinsi kinavyobadilisha ununuzi wa watu, desturi zao, na hata namna wanavyojulikana kwa wenzao. Kisha aandike aliyoyaona kwa macho yake. Wenzangu wengi walichagua video za TikTok na nguo zinazouzwa kwa picha, nao wameandika vizuri. Mimi nilichagua fedha za simu. Sababu ya kuchagua hivyo nitaieleza mbele, maana ina aibu kidogo, na aibu hiyo ni yangu mwenyewe.

Mama yangu anauza matunda Mombo, katika Wilaya ya Korogwe, pale ambapo njia ya kupanda Soni na Lushoto inaachana na barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Kwa asiyepajua, mabasi husimama, abiria huchungulia madirishani, na akina mama na vijana huyakimbilia na mabeseni ya parachichi, peasi na plamu zilizoteremshwa kutoka milimani. Likizo nzima nilikaa kwenye meza ya mama na daftari langu. Wauzaji wenzake walidhani nimetumwa na watu wa kodi, mpaka mama alipowaambia kuwa ni mambo ya shule tu.

Yafaa kwanza nieleze asili ya jambo lenyewe, kwa kuwa sisi wanafunzi tumezaliwa tukalikuta. Mimi nilizaliwa mwaka 2008, na mwaka huo huo ndipo M-Pesa ilipoanza hapa Tanzania; basi mimi nayo tu rika moja. Ila haikuanzia kwetu. Mwaka 2005 kampuni ya Safaricom ya Kenya, pamoja na Vodafone ya Uingereza, na kwa msaada wa fedha za Serikali ya Uingereza, ilifanya majaribio katika mji wa Nairobi na Thika. Nia ilikuwa kuwawezesha wateja wa shirika la mikopo midogo walipe madeni yao kwa simu. Lakini wateja wale walipokwisha kuuzoea ule mtambo wakaanza kuufanyia mambo ambayo hawakuagizwa. Mwenye safari aliweka fedha mahali anapoondokea akazitoa anapofikia, ili asiibiwe njiani. Mfanyabiashara alimlipa mwenziwe. Wengine waliwatumia jamaa zao wa mbali. Wakubwa wa kampuni walipoona hivyo, ile habari ya madeni wakaiweka nyuma, na mwezi wa Machi 2007 wakaufungulia umma wote wa Kenya huduma ya kutuma fedha nyumbani. Nimelitaja jambo hili kwa sababu watu husema kuwa simu imetubadilisha, na ni kweli; walakini wanunuzi ndio waliotangulia kuibadilisha simu.

Mama anakumbuka vizuri jinsi mambo yalivyokuwa kabla ya hapo. Mjomba akiwa Dar es Salaam alitia noti ndani ya bahasha, akaifunga kwa gundi, akaandika jina la babu, akampa kondakta wa basi. Ilikuwako pia hawala ya posta, lakini posta ilikuwa mbali na babu hapendi foleni. Kondakta aliaminiwa kwa kuwa alijulikana uso, na zaidi ya uso, palijulikana kwao. Akila fedha za mtu, wazee wanajua nyumba ya kwenda kumwulizia.

Namna mtambo unavyofanya kazi sitaieleza kwa urefu, maana kila msomaji amepata kusimama mbele ya kibanda cha wakala. Wakala hununua fedha za ndani ya simu kwa fedha za mkononi, nasi twabadilishana naye. Fedha tunazoziona kwenye simu zina fedha halisi zilizo sawa nazo, zimewekwa benki katika akaunti ya amana, na kampuni haina ruhusa ya kuzitumia kwa shughuli zake. Mambo haya yamo katika Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015. Wala haihitajiwi simu ya gharama. Kitochi chatosha, na ufunguo wake ni nyota mia moja hamsini, nyota sifuri sifuri, reli. Bibi yangu hajui kusoma, lakini ufunguo huo anaujua kwa moyo kama anavyojua sala. Namba yake ya siri anaijua yeye, na wakala, na wajukuu wote wa nyumba ile. Nilipomwambia kuwa namba ya siri haifai kujulikana, aliniuliza, "Nikuficheni ninyi? Nimewaona mwizi?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Sasa nije kwenye meza ya mama. Badiliko la kwanza niliandikalo ni la dirisha la basi. Zamani abiria aliteremsha noti, mama akapandisha matunda na chenji, na kama chenji haikupatikana abiria aliongezewa plamu mbili, mambo yakaisha. Siku hizi abiria husema, "Mama, nitajie namba." Mama ameiandika kwenye kipande cha boksi na kukivaa shingoni kwa kamba. Abiria anabonyeza, dereva anapiga honi, basi linaanza kujongea, na ujumbe wa kupokea fedha haujafika. Nilimwona mama akiwakabidhi wengine matunda papo hapo, na wengine akiwazuilia beseni. Nikamwuliza anawachaguaje. Akasema, "Namtazama uso." Mara nyingi ujumbe huingia basi likiwa limekwisha pita Mazinde. Mara nyingine hauingii kabisa, na mama hasemi neno, ila hufuta shingo yake kwa kanga na kupanga upya yale mafungu.

Tena niliona kuwa mwenye kulipa kwa simu hapatani bei sana. Mwanzo sikuelewa sababu, nikadhani ni watu wenye uwezo zaidi. Baadaye nikatambua. Mwenye noti ya Sh. 2,000 mkononi aweza kuinyoosha na kusema, "Mama, hii ndiyo niliyo nayo tu," na muuzaji akaiona kwa macho akamhurumia. Mwenye simu hana cha kunyoosha. Kwa hiyo simu imemnyang'anya mnunuzi neno moja kubwa la sokoni. Muuzaji naye hakupona, kwa kuwa fedha zikiingia kwenye laini ya kawaida, kuzitoa kuna makato, hapo ndipo yanapoanza mabishano ya "weka na ya kutolea." Siku hizi wako wenye namba maalumu ya kupokelea malipo ya biashara, ambayo mlipaji hana haja ya kuongeza ya kutolea, lakini wengi wa akina mama wa mabeseni hawanayo, hata mama yangu hakuwa nayo wakati ule.

Desturi hizi mpya huonekana zimeota mizizi, lakini sina hakika ni mirefu. Mwezi wa Julai 2021 Serikali ilipoanza kutoza tozo katika kutuma na kutoa fedha kwa simu, mama anasema wanunuzi wake wa jumla waliacha simu kwa siku chache tu za kufikiri. Wakarudi na noti. Yeye mwenyewe akarudi kufunga fedha kwenye pindo la kanga, kama alivyofanya marehemu mama yake. Tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30 mwezi wa Septemba mwaka huo huo, na ikapunguzwa tena baadaye, na watu wakairudia simu. Nilimwuliza kama aliona taabu kurudi kwenye pindo la kanga. Akacheka, akasema pindo la kanga halihitaji chaji.

Hiyo "ya kutolea" imekuwa adabu kamili, ingawa sijakiona kitabu cha adabu kilichoitaja. Mtu akimtumia bibi Sh. 10,000 bila ya kutolea, bibi haambii watu kuwa ametumiwa elfu kumi, husema, "Kanitumia, ila pungufu." Na akiongezewa ile ya kutolea, hata ikiwa ni kidogo, mtumaji husifiwa kwa majirani kuwa amelelewa vizuri. Mwaka juzi binti wa mjomba wangu alipoposwa, mchumba alikuwa kazini mbali, akatuma sehemu ya mahari kwa simu. Wazee waliokaa kuipokea walitazamana. Mmoja alisema mahari haiwezi kuwa ujumbe. Basi kijana mmoja alitumwa kwa wakala kuzitoa zile fedha, zikaletwa noti, zikatandazwa juu ya sinia lenye kitambaa cheupe, zikahesabiwa mbele ya mshenga kama inavyopasa. Zikaonekana pungufu, kwa sababu mchumba amesahau ya kutolea! Walibishana mpaka magharibi kama upungufu ule ni wa mchumba au ni wa simu. Mwishowe mshenga alitoa mfukoni mwake. Nasikia mpaka leo mchumba huyo, ambaye sasa ni mume, akituma chochote ukweni huongeza ya kutolea mara mbili.

Kuna neno jingine ambalo sikulitazamia. Watu wazima wawili walinieleza kwa nyakati mbali mbali kuwa kabla ya fedha za simu ilikuwa rahisi kumnyima ndugu bila kumuudhi. Ulisema, "Fedha ziko benki na leo ni Jumapili," ukaaminiwa. Sasa fedha ziko mfukoni mchana na usiku, na ndugu anajua. Akipiga simu saa nne usiku kusema mtoto ana homa, hakuna dirisha lililofungwa la kumwonyesha. Wengine huzima simu. Mama hamzimii mtu simu, lakini nimemwona akiitazama inaita mpaka ikanyamaza.

Ninakuja sasa kwenye jambo la jina, ambalo ndilo kubwa katika habari yangu.

Kwetu mwanamke aliyezaa haitwi jina lake. Sokoni mama huitwa Mama Rehema, kwa jina la dada yangu mkubwa. Wako watu waliofanya biashara naye tangu mimi sijaanza shule ambao hawajapata kulisikia jina lingine. Kwa desturi zetu hilo si upungufu wowote, bali ni heshima. Lakini simu haijui Mama Rehema ni nani. Simu inajua majina matatu ya kwenye kitambulisho.

Tarehe 1 Mei 2019 nchi yetu ilianza kusajili laini za simu kwa alama za vidole, na kila laini ifungwe na namba ya kitambulisho cha taifa, ile yenye tarakimu 20. Mwisho ulikuwa Desemba 31, ukasogezwa mpaka Januari 20, 2020, baada ya hapo laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Mama alikuwa amekwisha jiandikisha lakini namba yake haijatoka. Namba ya simu ile ilikuwa ndiyo duka lake. Wanunuzi wa Dar es Salaam na Tanga wote walimpigia hapo. Basi katika siku za mwisho mjomba, mwenye kitambulisho, aliweka kidole chake kwa ajili ya dada yake. Najua kuwa si sawa kwa kanuni, nami silitetei. Naeleza tu lilivyokuwa, na nyumba nyingi zinazosoma ukurasa huu zinalijua.

Tangu siku hiyo kila anayemlipa mama huona kwenye simu yake jina la mwanamume. Hivyo mama amekuwa na maneno yake, nami niliyasikia likizo hii mpaka nikayachoka: "Litakuja jina la mwanamume, usishtuke, ni kaka yangu." Nikapita meza kwa meza. Jirani wa kulia alisema, "Litakuja jina la mume wangu." Wa pili yake, "Litakuja jina la mwanangu." Mzee wa miwa alisema pasipo hata kufikiri, "Litakuja jina la marehemu, ndiyo hiyo hiyo, tuma tu."

Hebu tutazame kitu hiki vizuri. Wale waliotengeneza mtambo waliweka jina litokee kabla ya kubonyeza namba ya siri, kwa kusudi la ulinzi. Simu inamwuliza mtu: Je, huyu ndiye umtakaye? Nasi sokoni, kwa haja zetu za kweli, tumefundishana kwa miaka kadhaa kuwa jina lisilo lake si neno. Tumewazoesha maelfu ya abiria wasishtuke.

Hapo nikamkumbuka baba yake babu, ambaye sikumwona ila nimesimuliwa. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge wakati wa ukoloni. Kila kibarua alikuwa na kipande, yaani kadi iliyotiwa alama kwa kila siku aliyomaliza kazi, mpaka zitimie siku thelathini ndipo alipwe. Karani aliyemwandikia hakulisikia jina lake vizuri, akaandika jina lililokuwa karibu nalo. Babu mzee hakubishana, kwa kuwa ujira ulikuwa unafuata kadi. Jina lile la karani ndilo jina la ukoo wetu hata leo, ndilo lililo kwenye cheti changu cha kuzaliwa, na ndilo nitakaloandika katika mtihani wa taifa. Kwa hiyo habari ya mtu kuitwa jina linalolipwa haikuanza na simu.

Sasa ile aibu.

Mwezi wa Januari, tulipofungua shule, mama alinipa nauli tu. Fedha za viatu, shuka na madaftari, Sh. 85,000 jumla, aliahidi kuzituma kwa matroni baada ya siku ya soko, kwa kuwa sisi wa bweni haturuhusiwi kuwa na simu. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Nilimwendea matroni mara tatu, naye mara tatu alisema hajaona kitu. Nilimtazama usoni, nikaamua kuwa amezila. Nilisema hivyo kwa rafiki zangu bwenini. Wao wakasema kwa wengine, na watu walikuwa tayari kuamini, maana mlinzi wa fedha za wengine siku zote ana wa kumsengenya. Nilivaa viatu vilivyopasuka muhula mzima, na kila nilipokanyaga maji nilimlaumu mtu asiye na kosa. Siku mama alipopata kunipigia kupitia kwa mwalimu wa zamu, nilimwuliza; akanyamaza kidogo, akasema, "Vumilia, mwanangu." Hata kunyamaza kule sikukuelewa.

Katikati ya likizo ya Juni, tukiwa mezani, simu ya mama ililia. Niliusoma ujumbe: "Ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja," na jina la mtu fulani likafuata. Nikacheka, kwani nani asiyeijua "ile hela" Tanzania hii? Imekuwa mzaha mpaka watoto wadogo wanaigiza. Mama hakucheka. Aliichukua simu, akaiweka chini ya beseni. Baadaye, watu walipopungua, akaniambia.

Januari ile, siku aliyokuwa anajiandaa kutuma fedha zangu, ujumbe kama ule uliingia. Mwizi hamjui mtu. Anatuma ujumbe kwa watu wengi mno, na kazi yake ni kungoja. Lakini mwezi wa Januari, shule zinapofunguliwa, katika wengi hao hawakosekani walioshika simu saa ile ile wakitaka kumtumia mtu fedha za mwanafunzi. Mama alidhani matroni amebadili laini. Aliingiza namba mpya, likatokea jina la mwanamume asiyemjua. "Nikasema ni kaka yake," mama alisema. Neno lake mwenyewe la kila siku ndilo lililomwambia asishtuke. Alipogundua, alipiga simu kwa kampuni, akajibiwa kuwa fedha zimekwisha tolewa. Hakumwambia mtu. Aliona ni aibu kwa mfanyabiashara kuibiwa na mzaha.

Wasomaji wengine watasema mama hakuwa mwangalifu. Mimi sikubali. Mwizi hakuvunja mlango. Alipita katika mlango tuliouacha wazi sisi kwa sisi ili tupate kuishi. Maneno "jina litakuja" hakuyatunga yeye. Aliyaokota sokoni.

Hasara ya jina haikuishia hapo, na sehemu hii ndiyo iliyonisikitisha zaidi, ingawa hakuna mwizi ndani yake. Kwa miaka mingi sasa simu hukopesha. Kenya ilianza M-Shwari mwaka 2012, na hapa kwetu M-Pawa ikafuata mwaka 2014, kisha nyingine nyingi. Hakuna karani anayekuja kuitazama meza yako. Mtambo huhesabu fedha zinazoingia na kutoka, jinsi unavyonunua vocha, jinsi unavyorudisha ulichokopa, ukatoa kiasi unachostahili. Mama aliwahi kukopa kidogo kidogo kwa laini ile, akalipa kwa wakati. Sifa yote ya kulipa vizuri ilikwenda kwa mjomba, ambaye ni fundi uashi na hajauza hata plamu moja. Namba ya kitambulisho cha mama ilipopatikana, alisajili laini ya pili kwa majina yake mwenyewe. Akajaribu kuuliza anaweza kukopa kiasi gani. Jibu lilikuwa sifuri. Mwanamke aliyekaa miaka kumi na miwili barabarani akionekana na kila basi liendalo Arusha, mtandao ulimwona kama mtu aliyefika mjini jana.

Aliyekosa mkopo wa simu hushawishika kutafuta pengine. Jirani yetu mmoja alipakua programu ya mikopo isiyo na leseni, ikachukua orodha ya namba zote zilizo katika simu yake; alipochelewa kulipa, ikawaandikia wakwe zake kuwa yeye ni mdaiwa sugu. Watu huiita mikopo hiyo kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni. Zamani mdai alikuja mlangoni, ukaweza kumkaribisha maji na kuzungumza naye kwa sauti ya chini. Huyu wa sasa anapitia kwa wakwe.

Siku chache kabla ya kurudi shule tulikaa na mjomba. Nilimwonyesha kuwa ukibonyeza nyota mia moja na sita, reli, utajua ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Yeye alitegemea mbili. Zikaonekana nne. Alikaa kimya akizihesabu kwa vidole wale waliopata kumwomba kitambulisho, na siku ya pili akaenda mjini kuzifuta asizozijua. Ujumbe wa mwizi tuliupeleka 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano kwa ajili hiyo. Naye mama akaandika boksi jipya, kwa kalamu ya wino mzito: namba ya laini mpya, chini yake majina yake matatu yote, na chini ya majina, kwa herufi kubwa zaidi, MAMA REHEMA WA MATUNDA. Asubuhi ya kwanza muuza karoti mmoja, aliyemjua mama kwa muda mrefu, alisimama mbele ya boksi lile akalisoma lote. "Kumbe ndiyo unaitwa hivyo?" aliuliza. Mama akaona haya kama msichana.

Laini ya zamani bado anayo, kwa sababu wanunuzi wa mbali hawajaizoea mpya. Hilo halijaisha.

Nilipofika shuleni, jioni ile ile nilikwenda kwa matroni. Nilimweleza yote, hata yale niliyoyasema bwenini, ambayo nadhani alikuwa ameyasikia zamani. Hakunigombeza. Alifungua simu yake akanionyesha ujumbe kumi na zaidi wa "ile hela," mmoja ukiwa wa asubuhi hiyo. Kisha aliandika kwenye karatasi namba yake na majina yake matatu kama yatakavyotokea, akaigandika mlangoni mwa ofisi, na nakala akampa kila mwanafunzi ampelekee mzazi. Niliwaambia pia wenzangu wa bwenini kuwa nilisema uongo juu yake. Wawili walinicheka, nilistahili.

Mwezi wa Agosti mama alituma fedha za mahitaji ya mtihani. Alipiga kwanza, matroni akanipa simu nisikilize. Nilisikia basi likinguruma nyuma yake. Mama akaniambia nishike ile karatasi, akaanza kuyasoma majina yaliyotokea kwenye simu yake, moja moja, polepole, na kila moja akangoja niseme ndiyo. Akabonyeza. Ilikuwa Sh. 40,000, na ya kutolea juu yake.